Mpangaji Hajaingia

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Narung'ombe,
mlango wa mwisho baada ya wauza vitenge,
hapo ndipo ninapofukua.
Kibao cha nje kinasema TUNAREJESHA DATA,
na chini yake, kwa kalamu ya wino mzito:
tunafuta pia.

Sikudhani binti Mwinyimvua alifika saa nne
na kompyuta ndani ya mfuko wa sembe.
Ya kaka yake Hemedi, wa steshenari ya Tandika,
aliyezikwa kabla ya mvua za vuli.
"Nataka hati ya kiwanja cha Mbagala.
Aliiskani, kisha akaifuta.
Alikuwa anafuta kila kitu, huyo."

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote:
mama, kufuta si kubomoa.
Mashine inang'oa jina mlangoni, basi.
Chumba kipo. Kitanda kipo,
kikombe kina machicha ya chai,
kandambili zimeelekea ukutani.
Mwenye nyumba anatangaza tu kwamba pako wazi,
na mpaka mpangaji mpya aingie na godoro lake
ukipiga hodi utaitikiwa.

"Na akishaingia?"
"Akishaingia tunaokota vipande."

Siku mbili feni ilipuliza joto juu ya joto.
Luku ikaisha, nikakimbia chini kununua umeme
kama mtu aliyeacha chungu motoni.
Diski ililia kama panzi ndani ya kibiriti.
Vikaanza kuja, bila majina, namba tupu:
mialiko ya harusi za watu,
barua za kuomba kazi bandarini,
paji la uso lisilo na kidevu,
hati ya Mbagala, safi, na muhuri wake.
Kisha barua. Arobaini na saba.

Zote zilianza, Dada Siku,
na nyingi ziliishia hapo hapo.
Moja ilifika: Dada Siku, ile pesa ya mama ya hospitali
Bila nukta.
Nyingine: sikuila yote.
Nyingine ilikuwa Siku tu, bila dada,
na ukurasa mzima mweupe.

Mimi ni fundi. Nalipwa kwa kilichoombwa.
Hati ilikuwa mkononi, ningeweza kunyamaza.
Lakini usiku ule, kwangu Yombo, nililala chali
nikizihesabu barua zile kwenye mabati.

Aliporudi nilimgeuzia kioo.
Alisoma tatu, midomo ikitembea,
akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga,
akaivaa, asisome ya nne.

"Alizifuta mwenyewe?"
"Mwenyewe. Saa zinaonekana. Saa saba usiku, saa nane."
"Hakuna aliyemshika mkono?"
"Hakuna."
"Basi si zangu. Mrudishie."

Sikuelewa.
"Futa," akasema. "Usiishie kung'oa jina.
Ingiza mpangaji."

Kufuta kweli kuna kazi kuliko kufufua.
Unaandika sifuri juu ya kila kitu,
chumba hadi chumba, sifuri, sifuri,
kama apakaye chokaa nyumba nzima
pamoja na vimo vya watoto
vilivyochorwa ukutani kwa mkaa.
Hati niliichapa nakala mbili, nikazitia kwenye bahasha.
Elfu arobaini. Akahesabu mara mbili, akadai risiti.

Alishuka. Nikasikia kandambili zikisimama
katikati ya ngazi, zikapanda tena.
"Ile ya Siku tu," akauliza mlangoni.
"Ile isiyo na dada. Aliiandika mwezi gani?"

Nikageuka kutazama. Asilimia sitini na moja.
"Wa nne," nikasema. Nadhani wa nne.

"Mwezi wa nne alikuja kwangu," akasema,
"na mihogo kwenye kikapu. Akasimama kizingitini.
Nikamwambia ingia.
Akasema anapita tu."